Gunia Lililobarikiwa

Wangui alikuwa amekatazwa kuangalia, naye akaangalia. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Ilikuwa Jumapili ya Mbegu katika kanisa la Askofu Jamleck, Mau Narok, wiki moja kabla ya mvua ndefu. Kila familia ilikuwa imeleta gunia moja la mbegu ya viazi na kuliweka mbele ya madhabahu. Askofu angeyabariki yote kwa pamoja, kisha kila mtu angerudi nyumbani na lake na kulichanganya na mbegu zake nyingine, ili baraka ienee shamba zima kama hamira kwenye unga. Hakuna aliyeuliza utaratibu huo ulitoka wapi. Askofu alikuwa amefika Yerusalemu, na wao walikuwa hawajavuka Naivasha.

Huko Yerusalemu alikaa siku kumi na moja. Asubuhi moja alisimama mbele ya ule ukuta wa kale wanakosali Wayahudi akawaona makuhani wa Kiyahudi wakijifunika vichwa kwa shali nyeupe, wakainua mikono na kuwabariki watu, na watu wakainamisha nyuso wasiangalie. Mambo mengi yalifanyika pale. Makuhani walitamka kwanza kwamba wameamriwa kuwabariki watu kwa upendo. Hakuna aliyewekewa gunia miguuni, wala aliyetozwa kitu mlangoni. Waliobarikiwa waliondoka na vyote walivyokuja navyo. Lakini mtu huchukua safarini kile anachokihitaji, na Askofu Jamleck alichukua mawili: shali, na ile habari ya watu kutoangalia. Suala la upendo alilisahau uwanja wa ndege.

"Yeyote atakayefungua macho wakati wa baraka," aliwatangazia aliporudi, "macho yake yataingia giza, na shamba lake pia."

Basi watu walifunika macho kwa viganja. Wangui alifunika pia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gunia. Mbegu yake ilikuwa imechipua vizuri, vichipukizi vifupi vinene vya rangi ya zambarau, na kichipukizi cha kiazi kikigongwa huvunjika. Alisikia kitu kikiburutwa sakafuni. Akaachanisha vidole viwili.

Alimwona Shemasi Sitati, mkono wa kulia wa Askofu, amepiga goti kati ya magunia. Magunia yote yalifanana, kwa kuwa yalinunuliwa pale pale kanisani, meupe, yenye picha ya njiwa. Wangui alikuwa amelifunga lake kwa uzi wa kijani uliobaki alipomfumia binti yake Joan sweta. Sitati aliufungua ule uzi bila haraka, akaufunga kwenye gunia jingine, kisha akalisukuma gunia la Wangui kwa mguu mpaka nyuma ya pazia. Madhabahuni Askofu alikuwa anaimba kwa sauti nzito: Bwana awabariki, Bwana awalinde.

Kilichomuuma Wangui zaidi ni ule mguu.

Mume wake, Gachanja, alilibeba gunia lenye uzi wa kijani mpaka nyumbani akiimba. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili iliyofuata angevishwa shali ndogo na kuitwa Msaidizi wa Baraka. Kwa ajili ya siku hiyo alikuwa ameshanunua viatu vyeupe. Mtu anayenunua viatu vyeupe Mau Narok, mahali ambapo matope hukufuata mpaka kitandani, ama ana imani kubwa ama hana akili, na Gachanja hakuwahi kuamua ni lipi.

Alipolitua stoo, kando ya magunia mengine kumi na matano, Wangui alichukua kisu. Alifungua uzi, akatoa kiazi kimoja, akakigeuza. Udongo ulikuwa umeganda kwenye macho ya kiazi, umelowa, kana kwamba yalikuwa yanatoka usaha. Akakipasua katikati. Ndani kulikuwa na duara la kahawia, na alipokibana kati ya vidole, ute mweupe ukachuruzika.

"Baba Joan, kuja uone."

Gachanja alikuja. Hakuangalia kiazi, aliangalia kisu.

"Umekata mbegu imebarikiwa?"

"Hii si mbegu yangu. Hii iko na mnyauko. Angalia hiyo maji inatoka."

"Uzi ni wako?"

"Uzi ni wangu."

"Basi gunia ni yako."

"Uzi ilifunguliwa ikafungwa kwa hii ingine."

"Na nani?"

Wangui aliinamisha macho kwenye kiazi, na Gachanja akaelewa. Aliketi juu ya debe taratibu, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Uliangalia," akasema.

"Niliangalia."

"Mke wa mzee wa kanisa. Wiki ya mimi kuvalishwa."

"Sitati ameiba mbegu yangu, wewe unaniambia habari ya kuvalishwa?"

Mtego ulikuwa umetegwa vizuri, na tumpe Askofu haki yake, hakuutega kijinga. Aliyeibiwa akinyamaza, ameibiwa. Akisema, amekiri kwamba aliangalia, na neno la aliyelaaniwa halina uzito mbele ya watu. Mwizi wa mjini hukimbia akishaiba. Huyu alikuwa amewafundisha waibiwa kujifunika macho wenyewe na kuitikia amina.

"Jumatano wanakuja kushuhudia," alisema Gachanja. "Askofu mwenyewe, na kanisa. Tutachanganya mbele yao."

"Hatutachanganya."

"Mama Joan."

"Hii ikiingia kwa shamba haitoki. Ulisikia afisa wa kilimo. Udongo ukishashika, huwezi panda viazi miaka tano, sita. Na tuko na eka moja, Baba Joan. Hatuna ingine. Tutapanda nini? Viatu zako?"

"Mungu hawezi kubariki ugonjwa."

"Mungu hakuwa hapo nyuma ya pazia. Ni Sitati alikuwa hapo."

Gachanja alisimama. Akarefusha shingo, kawaida yake ya kila ugomvi. "Mimi ndio kichwa ya hii boma."

"Kichwa iko na macho mbili," alisema Wangui, akatoka na kile kiazi kwa ncha ya kisu. Alikitupa jikoni motoni, kisha akaosha kisu kwa maji yanayochemka, akaosha mikono mpaka viwiko, na akapangusa nyayo zake kwenye jivu kabla ya kurudi stoo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi na mbegu yake kwa misimu mitatu, tangu alipoanza na viazi vilivyojaa ndoo moja. Majirani walimcheka kwanza, wakisema analea viazi kama watoto wa hospitali. Baadaye walikuja kumwomba mbegu.

Jumatatu alikwenda kwa Askofu. Alitaka kuyamaliza kwa heshima. Alijitanda leso mabegani, akabeba mayai kumi, kwa sababu hata ukienda kumwambia mtu ameiba mali yako, huendi mikono mitupu.

Msichana wa pale alipokea mayai na kumwonyesha benchi nje. Wangui aliketi hapo tangu saa tatu asubuhi. Saa nne akaja mtu wa kuuza dawa ya ng'ombe, akaingizwa moja kwa moja. Saa tano msichana akamletea, si chai, bali sufuria na maharagwe. "Mathe, kama unangoja tu, si unisaidie kuchambua?" Wangui alichambua maharagwe ya Askofu.

Kutoka pale benchini aliona ghala. Vibarua wawili walikuwa wanapanga mbegu kwenye kreti, tayari kupelekwa kwenye eka ishirini ambazo Askofu alikodi katika shamba moja la zamani la mzungu. Kreti nyingi zilikuwa na viazi vya kila aina, vikubwa na vidogo. Lakini mbili zilikuwa na viazi vya ukubwa wa yai la kuku, vichipukizi vifupi, vinene, vya zambarau, na kila kiazi kimepakwa jivu kidogo. Hakuna mtu mwingine aliyepaka mbegu jivu tarafa ile nzima. Wangui alizitambua kama mama anavyomtambua mwanawe katikati ya wanafunzi waliovaa sare.

Saa sita akaitwa ndani. Askofu Jamleck alikuwa anakula, na harufu ya mayai ya kukaanga ilimwambia Wangui yalikotoka.

"Mama Joan. Habari ya mzee wetu?"

"Mzuri, Baba. Baba, nilikuwa na neno kidogo. Ile gunia tulirudi nayo si ile tulileta. Nafikiri kulikuwa na makosa. Zile magunia zinafanana."

"Lakini si lilikuwa na uzi wako?"

Wangui hakuwa amemwambia habari ya uzi.

"Lilikuwa na uzi," akasema polepole. "Lakini viazi ni vigonjwa. Na huko nje, Baba, kwa ghala, kuna kreti mbili..."

"Mama." Askofu alipangusa vidole. "Kuna mnyauko wa shamba na kuna mnyauko wa moyo. Mtu akishaanza kupima baraka ya Mungu kwa kisu, huyo anahitaji maombi. Simama nikuombee."

"Baba, sikukuja maombi. Nilikuja..."

"Simama."

Askofu alijitupia shali kichwani na kuinua mikono. Na Wangui, mwanamke wa miaka hamsini na moja aliyekuja akiwa na maneno yake yote yamepangwa, alijifunika macho. Mikono ilipanda yenyewe. Alisimama hivyo akisikia Bwana akubariki, akisikia na kukulinda, na sauti ilikuwa inasogea mbali. Alipofunua macho, mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na msichana alikuwa anatoa vyombo mezani.

"Ashaenda kupumzika," alisema msichana.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Wangui aliona haya. Hakumwonea haya Askofu. Aliionea haya mikono yake.

Jumatano walikuja, watu kama arobaini, wakiimba. Nyuma yao pikapu ya Askofu ilipanda kwa gia ya kwanza, nyuma imejaa kreti za mbegu. Kutoka pale angeendelea moja kwa moja mpaka kwenye eka zake ishirini, kwa kuwa mtu mwenye shughuli hawezi kutoa baraka na kurudi tena nyumbani kuchukua mbegu.

Gachanja alikuwa amewatandikia turubai mbele ya stoo. Alikuwa amemwaga magunia matatu kati ya yale kumi na matano, mbegu safi ya Wangui, ikang'aa juani. Kando aliweka gunia lenye uzi wa kijani. Alikuwa amevaa viatu vyeupe. Hakumwangalia mke wake tangu asubuhi.

"Bwana asifiwe," alisema Askofu. "Mzee, changanya, tuone mkono wa Mungu."

"Kabla hajachanganya," alisema Wangui, "ningeomba kusema neno."

Watu waligeuka. Shemasi Sitati akawahi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye haraka ya kutumikia.

"Watu wa Mungu, msimsikize huyu mama. Ameingiwa na shaka. Jumapili, wakati wa baraka, aliangalia. Alifungua macho."

Sauti ya hofu ikapita. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Gachanja aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake.

"Nani aliniona?" aliuliza Wangui.

"Mimi nilikuona, mimi mwenyewe, na hii macho yangu."

"Na wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Huko nyuma mtu akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko, na kikohozi kikaambukiza. Chepkurui, mjane wa upande wa pili wa mto, ambaye shamba lake lilinyauka lote mwaka uliopita, hakucheka. Alikuwa anamtazama Sitati jinsi mtu anavyolitazama shimo alilolipita usiku bila kujua.

Askofu aliona kwamba jambo linamponyoka. Akafanya alichokijua. "Tusimpe ibilisi nafasi," alisema, akavuta shali mpaka puani. "Tupokee baraka. Macho."

Mikono arobaini ya kulia na arobaini ya kushoto ikapanda. Ya Gachanja pia. Sauti nzito ikaanza.

Ya Wangui haikupanda. Safari hii aliishika, mmoja kwa mwingine, mpaka ile hamu ya kutii ikapita. Kisha akainama, akalishika gunia la uzi wa kijani, akalitupa mgongoni kama wanawake wa Mau wanavyobeba mizigo tangu wakiwa wasichana, akaenda mpaka kwenye pikapu. Sehemu ya nyuma ilikuwa wazi. Akaufungua uzi, akaegemeza mdomo wa gunia juu ya kreti za Askofu.

"Sisi ni watu wadogo, Baba," alisema kwa sauti ya kanisani, ile ya kuleta sadaka. "Si vizuri tuanze sisi. Wacha baraka ichanganyike kwa shamba yako kwanza."

Wimbo ulikatika.

"Wee mama, usichanganye!"

Askofu alikuwa anakimbia. Shali ilikuwa imemdondoka, baraka ilikuwa imebaki nusu, na alikuwa anakimbia kwenye turubai, anakanyaga mbegu, mikono ile ile ya kubariki imenyooshwa mbele. Alilidaka gunia kwa yote miwili na kulisukuma nje, kisha akarudisha mikono haraka na kuipangusa kwenye suruali. Watu wote walikuwa wamefungua macho. Wangui hakuwa na nia ya kumwaga hata kiazi kimoja. Kreti mbili za mbele zilikuwa zake.

"Mbona asichanganye, Baba?" aliuliza Chepkurui. Aliuliza taratibu, kama anayeuliza njia.

"Hizi..." Askofu alikuwa anahema. "Hizi mbegu zangu ni safi."

Ng'ombe wa jirani alilia. Askofu Jamleck alisikia alichokisema baada ya wengine wote kuwa wamekisikia, na akaanza kutafuta shali yake, ambayo ilikuwa miguuni pa Gachanja.

Gachanja aliiangalia ile shali. Kwa miezi sita alikuwa akiota moja kama hiyo, ila ndogo. Hakuiokota. Alipita juu yake akaenda kwenye pikapu, akateremsha kreti ya kwanza, kisha ya pili, akaziweka ndani ya stoo. Hakumuuliza mtu ruhusa na Sitati hakumzuia. Alipotoka viatu vilikuwa vimeshapata rangi ya Mau Narok.

"Hii tunaipeleka wapi?" alimuuliza mke wake, akionyesha lile gunia.

"Mbali."

Walichimba shimo kando ya barabara ya juu, mahali ambapo hapalimwi na maji hayateremki shambani. Watu walikuwa wameondoka bila kuimba. Wangui alimwaga viazi shimoni, gunia likafuata, na juu yake majivu ndoo nne. Uzi wa kijani nao ukaenda.

Gachanja alifukia nusu, akasimama akiegemea jembe.

"Mwaka jana nilimwona," alisema. "Sitati. Na gunia ya Chepkurui."

Wangui aligeuka.

"Ulikuwa unaangalia?"

"Kila mwaka naangalia. Mzee wa kanisa lazima aangalie kama watu wamefunga macho."

"Ukanyamaza. Mama wa watu akapoteza shamba, ukanyamaza."

"Ningesema aje kwamba nimeona?"

Wangui alimtazama mume wake, mrefu, mwenye jasho, viatu vyeupe vya watu wa mjini vimejaa udongo wenye majivu. Alimdharau kwa moyo wake wote, na alijua angekula naye ugali usiku huo.

"Utaenda kwa Chepkurui," akasema. "Wewe mwenyewe. Utamwambia kama ulivyoniambia. Na utampelekea magunia mbili ya hii mbegu, kuna pahali amekodi. Kwa mgongo, si kwa boda."

"Na hizi viatu?"

"Hizo haziingii shamba yangu. Zitoe hapa hapa."

Gachanja alivua viatu, akavitumbukiza shimoni, akamalizia kufukia akiwa peku.

Mvua ilikuja Ijumaa. Eka ya Wangui ilitoka vizuri, ukiondoa mistari miwili mitupu kwa sababu ya yale magunia mawili. Kwa Askofu pia ilitoka vizuri, maana mvua haichagui.

Mwaka uliofuata Jumapili ya Mbegu ilitangazwa kama kawaida. Wangui alibaki nyumbani akitayarisha shamba, lakini kanisa lilijaa, kwa maana watu hawaachi kanisa kwa sababu ya kuibiwa tu. Walileta magunia yao meupe yenye njiwa. Askofu Jamleck alijifunika shali, akainua mikono na kuanza kwa ile sauti nzito. Waumini wote walifunika macho kwa adabu, bila kuchungulia hata mmoja, na kila mtu alikuwa amelikalia gunia lake.